Pumziko la anayeuguza: mwongozo kamili kwa familia yenye mgonjwa wa huduma shufaa nyumbani

Watu wakisikia una mgonjwa nyumbani wanakuja kusema "pole na kuuguza". Wanakaa robo saa sebuleni, wanaacha matunda, wanaondoka. Wewe unabaki na shuka lililolowa. Mwongozo huu ni wa huyo anayebaki: binti, mke, mkwe, mtoto wa kiume, wakati mwingine mjukuu, anayemhudumia nyumbani mtu ambaye madaktari wameshasema ugonjwa wake hauponi, iwe saratani iliyosambaa, moyo au figo zilizochoka, au kiharusi kilichomlaza moja kwa moja.

Afrika Mashariki vitanda vya hospisi, yaani vituo vya kuhudumia wagonjwa wasiopona, ni vichache. Huduma shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa wa namna hiyo, kwa sehemu kubwa humfuata nyumbani: muuguzi anakuja, anapima maumivu, anarekebisha dawa, anaaga. Saa zote zilizobaki ni za familia. Kwa hiyo pumziko halitakuja na gari la hospitali, itabidi ulitengeneze, na mpangilio una maana. Anza na usiku wa mgonjwa, kisha zamu za watu, ndipo uje kwenye mwili wako. Wengi huanzishwa mwisho. Wanaambiwa "jitunze, kunywa maji, pumzika", na ushauri huo hauna pa kushika wakati mgonjwa analia kila ifikapo saa 8 usiku.

Hatua ya 1: Jitaje kwa muuguzi

Katika maelezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002, huduma shufaa ni kwa mgonjwa pamoja na familia yake. Hilo lina uzito kuliko linavyosikika: kumweleza muuguzi kwamba hulali si kumpotezea muda, ni sehemu ya kazi yake. Asipouliza, sema mwenyewe. Mwambie nani hasa anahudumia, unalala saa ngapi kwa usiku, una presha, sukari au ujauzito, na ni kazi gani imekushinda. Sema hayo mlangoni au jikoni, mgonjwa asisikie na kujiona mzigo.

Kama hamjaunganishwa na huduma yoyote, Tanzania mnaweza kuanzia Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyoko Dar es Salaam, hospisi ya Selian mjini Arusha, Muheza mkoani Tanga, hospitali kadhaa za Kanisa la Kilutheri (KKKT), au hospitali ya rufaa ya mkoa wenu. Kenya kuna Nairobi Hospice, inayohudumu tangu 1990, na hospisi za Mombasa, Nyeri, Eldoret na Kisumu. Chama chao, KEHPCA, huelekeza familia kwenye kituo cha karibu. Uganda kuna Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993. Aliye mbali na miji amuulize mhudumu wa afya wa jamii wa eneo lake. Kuna ndugu watakaopinga wakidhani kuita huduma shufaa ni kumkatia tamaa mgonjwa. Msibishane sana. Mwiteni muuguzi, na maumivu yakishapungua mjadala huwa unaisha wenyewe.

Hatua ya 2: Urudishe usiku

Pumziko la kwanza limo kwenye chupa ya dawa. Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, hutolewa kila baada ya saa 4, kwa kuwa nguvu yake hudumu takriban muda huo. Ukifuata hesabu hiyo bila kuuliza, utaamka saa 8 usiku kila siku hadi mwisho. Utaratibu unaotumika sana ni huu: dozi ya saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana na saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku inatolewa dozi mara mbili ya ile ya kawaida, na ya saa 8 usiku inarukwa. Mgonjwa analala, nawe unalala. Usijipangie mwenyewe. Muulize muuguzi au daktari kama mgonjwa wako anafaa, maana mwenye figo dhaifu au mzee sana hupangiwa vingine. Ila uliza, tena ziara ijayo, kwa sababu hili peke yake linaweza kukurudishia usingizi ambao hakuna ndugu angeweza kukupa.

Hapohapo uliza kuhusu choo. Mofini hufungisha choo karibu kila anayeitumia, na mgonjwa asiyepata choo siku kadhaa hatalala wala hatakuacha ulale. Dawa ya kulainisha choo inatakiwa ianze pamoja na mofini, bila kungoja tatizo lijitokeze.

Angalia saa za dawa nyingine pia. Deksamethasone hufukuza usingizi, kwa hiyo kwa kawaida hutolewa asubuhi. Dawa ya kutoa maji mwilini, kama Lasix, ikinywewa jioni itakuamsha kubadilisha shuka usiku kucha. Nimeona nyumba zinazopewa dawa hizi jioni kwa sababu tu ndiyo saa mtu alirudi na mfuko wa dawa siku ya kwanza, na hakuna aliyeuliza tena.

Kidonda kinachonuka ni habari ya pekee. Saratani ya titi au ya shingo ya kizazi huweza kutoa harufu inayofukuza watu chumbani, na wanaofukuzwa ndio wale ambao wangekushika mkono. Muuguzi anaweza kuelekeza vidonge vya metronidazole visagwe na kunyunyiziwa kwenye kidonda kilichosafishwa. Ni dawa ya bei ndogo, na harufu hupungua. Shangazi aliyekuwa akiishia mlangoni sasa anaweza kukaa na mgonjwa jioni nzima.

Halafu kitanda. Tandika shuka kamili, juu yake mpira wa kitandani kuanzia kiunoni hadi mapajani, na juu ya mpira shuka lililokunjwa mara mbili kwa upana. Akilowa usiku unaondoa kile kipande cha juu tu na kuweka kingine, bila kuamsha nyumba. Shuka hilohilo ndilo la kumgeuzia na kumvutia juu: watu wawili, kila mmoja upande wake, wanalikunja kingo karibu na mwili na kuvuta pamoja. Usimnyanyue kwa kwapa peke yako. Migongo mingi ya wanaouguza huharibikia hapo.

Kumgeuza mgonjwa asiyejiweza kila saa 2 ili asipate vidonda vya kulala ni kanuni nzuri ya mchana. Usiku, muulize muuguzi kama kwa godoro mlilonalo na hali ya ngozi yake mnaweza kurefusha muda. Na mgonjwa akianza ghafla kuweweseka, kuvua nguo au kutowatambua watu usiku, mpigie muuguzi simu kabla hamjaamua kwamba "ndiyo hali yake sasa". Mkojo uliozuilika, choo kilichofunga, maambukizi au dawa mpya huleta hayo, na mengi yake yanatibika.

Hatua ya 3: Igeuze "pole" iwe zamu

Watu wa kukusaidia kwa kawaida wapo. Kinachokosekana ni kazi yenye jina, siku na saa. Mtu anayesema "ukihitaji chochote tuambie" hajui akupe nini, nawe unajibu "asante, Mungu yupo". Kuanzia leo jibu kwa saa: "Asante dada. Alhamisi kuanzia saa 9 hadi saa 12 jioni unaweza kukaa naye?" Akishindwa, mpe nyingine: kufua, kufuata dawa, kupika chakula cha jioni cha Jumapili, kuwachukua watoto shule.

Itisheni kikao cha familia, na wewe usiwe mwenyekiti. Aongoze mtu ambaye neno lake halipingwi kirahisi: mjomba, shangazi mkubwa, mzee wa kanisa, imamu anayeheshimiwa na nyumba hiyo. Muuguzi akiweza kuwepo, hata kwa simu, itasaidia zaidi. Ndugu waliokusikia ukilalamika wakanyamaza, wakiambiwa na muuguzi kwamba mtu mmoja hawezi kazi hii, hunyoosha mikono. Orodhesheni kazi zote, pamoja na zile zisizoonekana: kupokea simu za salamu, kupokea wageni, kuandika matumizi. Kisha semeni wazi jambo ambalo familia nyingi hulizunguka, kwamba kazi imemwangukia binti ambaye hajaolewa au mke wa mtoto wa kiume, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kiwango cha chini ninachokishauri ni usiku mmoja kamili kwa wiki na jioni mbili za saa tatu tatu. Chini ya hapo mtu anapata nafasi ya kuoga tu.

Ujumbe wa kwenye kundi la WhatsApp la familia uwe mfupi, kama huu:

"Shikamooni wakubwa, na habari za jioni wote. Mama anaendelea na dawa, maumivu yamepungua. Wiki hii tunahitaji: Jumanne saa 9 hadi 12 jioni, wa kukaa naye. Alhamisi usiku, wa kulala chumbani kwake. Jumamosi asubuhi, wa kufua. Andika jina lako mbele ya zamu unayoiweza. Matunda yapo ya kutosha, Mungu awabariki."

Ndugu aliye Muscat, Doha au Minneapolis hawezi kulala chumbani kwa mama, lakini asiachwe na kutuma hela bila mpango tu. Mpe jambo linalohesabika: alipe mtu wa usiku mmoja kila wiki kwa M-Pesa, tarehe ileile. Mpe pia kazi ya usemaji. Salamu zote za simu ziende kwake, naye atoe taarifa moja jioni kwa ukoo mzima. Simu zinachosha kuliko watu wanavyodhani, hasa ile inayotaka usimulie ugonjwa tangu mwanzo.

Nje ya damu kuna jumuiya ndogondogo, wanawake wa msikitini, kikoba, majirani wa mlango wa pili. Hapa omba dogo na mahususi: mtu mmoja wa kukaa na mgonjwa wakati wa ibada ya Jumapili au sala ya Ijumaa, ili nawe uende. Kazi za faragha zipangwe kwa staha ya nyumba yenu. Mama wengine hawatakubali kuogeshwa na mtoto wa kiume hata akiwa ndiye pekee aliyepo, basi mtafute mama wa jirani kwa kuogesha na kijana abaki na kunyanyua, kufua na dawa. Watoto wa shule wanaweza kumsomea bibi au kumpelekea maji, ila wasipewe usiku, wasipewe vidonda, na wasipewe chupa ya mofini.

Anayekupokea afundishwe kwa vitendo. Mara ya kwanza mfanye pamoja, mara ya pili afanye yeye nawe ukiwa chumba cha pili, ndipo uondoke. Bandika ukutani karatasi moja: dawa zote na saa zake, dozi ya mwisho imetolewa saa ngapi na nani, anavyopenda kulazwa, anachoweza kumeza, namba ya muuguzi, namba yako, na mambo ya kukupigia simu mara moja: damu nyingi, kukosa pumzi, maumivu yasiyotulia baada ya dawa. Mengine yasubiri.

Mgonjwa naye anaweza kukataa: "Simtaki mwingine, nakutaka wewe." Usibishane wala usitoroke kwa siri. Mwambie, "Mama, naenda kulala ili kesho nikuogeshe vizuri. Shangazi yupo hapa. Nitarudi saa 12." Kisha rudi saa 12 kweli. Imani yake hujengwa na saa hiyo, na safari ya pili huwa nyepesi.

Ukitoka, toka. Kupanga foleni ya dawa si mapumziko, wala kwenda kulipa umeme. Nenda kalale kwa rafiki, kasukwe, kaangalie mpira, kaa ufukweni bila kuongea na mtu. Hutakiwi kumtolea mtu yeyote hesabu ya saa hizo.

Hatua ya 4: Msaada wa kulipia na wa nje ya nyumba

Dada wa kazi aliyeajiriwa kupika na kufagia asigeuzwe muuguzi kimyakimya. Kama atahudumia mgonjwa, semeni naye upya kuhusu mshahara, saa na siku ya kupumzika, mnunulieni glavu, mfundisheni. Asipolala naye ataondoka, na mtaanza upya wiki mbaya kuliko zote. Msaidizi wa kulipwa anafaa zaidi usiku kuliko mchana, kwa kuwa mchana wageni wapo na wanaweza kupewa zamu.

Baadhi ya hospisi, Nairobi Hospice ikiwemo, zina siku ya wagonjwa kushinda pale pamoja na wenzao. Kwa mgonjwa anayeweza kukaa kwenye gari hilo ni jambo kubwa kwenu wote wawili. Vituo vinavyolaza ni vichache zaidi. Kimbilio, iliyoko Kipkaren upande wa Eldoret, ni mfano. Kwingine pumziko la siku chache hupatikana kupitia wodi: mgonjwa analazwa ili maumivu au kutapika kudhibitiwe, na daktari akijua kwamba mwenye kumuuguza amezidiwa anaweza kulizingatia. Jambo la kukumbuka ni kwamba wodi zetu nyingi bado zinataka ndugu akae na mgonjwa. Kama ndugu huyo ni wewe tena, kulazwa kwake hakukupumzishi. Mpange mwingine kabla hajapelekwa.

Kwa walioajiriwa, Tanzania likizo ya mwaka ni siku 28, na Kenya si chini ya siku 21 za kazi. Muombe mwajiri muigawe vipande badala ya kuimaliza yote mwezi wa kwanza, kwa sababu hakuna ajuaye safari hii itachukua muda gani.

Wanaouguza wazazi Marekani wana haki ambayo wengi hawaitumii. Mgonjwa aliye kwenye hospisi inayolipiwa na Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, anaweza kupelekwa kwenye kituo kilichoidhinishwa hadi siku 5 mfululizo ili mwenye kumhudumia apumzike, na familia huchangia asilimia 5 tu ya gharama iliyokubaliwa. Haji mtu kukuambia, ni wewe kumuuliza muuguzi wa hospisi. Dai pia mkalimani wa Kiswahili, ambaye vituo vinavyopokea fedha za serikali vinatakiwa kumtoa bure, ili mtoto wa darasa la tano asitafsiri habari za kifo cha babu yake. Aliye Uingereza anaweza kuiomba halmashauri yake itathmini mahitaji yake yeye mwenyewe kama mwenye kuhudumia. Sheria ya mwaka 2014 inampa haki hiyo.

Hatua ya 5: Mwili wako

Sehemu hii ni fupi kwa makusudi, kwa sababu bila hatua zilizotangulia haitekelezeki. Kliniki yako usiikose. Presha, sukari, ARV, kliniki ya wajawazito: tarehe zako ziandikwe kwenye karatasi ileile ya ukutani na zitafutiwe zamu kama za mgonjwa. Kula chakula chako mwenyewe kwenye sahani yako, wala usiishi kwa mabaki ya uji wa mgonjwa. Lala mchana anapolala, hata nusu saa, vyombo vitasubiri. Vaa glavu kwenye damu, choo na vidonda. Mgonjwa akiwa na kifua kikuu, madirisha yawe wazi na nyumba nzima ikapimwe. Na mofini yake isiguswe na mtu mwingine hata kwa maumivu ya mgongo. Ifungiwe kabatini.

Hatua ya 6: Hasira, hatia, na fikra zinazotisha

Utamkemea. Utamkemea mtu unayempenda kwa sababu amemwaga uji, halafu utajificha chooni ulie. Utajikuta unaomba Mungu amchukue apumzike, kisha unaogopa kwamba umemtakia kifo. Manesi wa huduma shufaa husikia hayo kila wiki, na hakuna anayekuhesabu mchawi. Kutamani mateso yaishe ni tofauti na kumtakia mtu mabaya. Hasira ikipanda, hakikisha yuko salama kitandani, toka nje, hesabu pumzi, rudi.

Tafuta mtu mmoja wa kumwambia bila kupamba: rafiki, padri, shehe, mama mchungaji, au mwingine anayeuguza. Huyo wa mwisho mara nyingi ndiye bora, kwa kuwa hatakuambia "jipe moyo". Muombe muuguzi akuunganishe naye.

Yapo ambayo hayangoji: kukosa usingizi hata unapopewa nafasi ya kulala, kuanza kunywa ili upitishe usiku, kumpiga mgonjwa au kumnyima dawa kwa hasira, kufikiria kujiua au kumuua. Ukifika hapo, mwambie muuguzi au nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na mtu mwingine achukue zamu yako mara moja.

Hatua ya 7: Siku za mwisho

Muulize muuguzi mapema mtakachokiona: atakataa chakula, atalala zaidi, miguu itapoa, pumzi itakatika na kurudi, koo litakoroma. Anayejua hayo hahangaiki kutafuta gari usiku wa manane. Amueni mkiwa na akili tulivu kama atabaki nyumbani, na muandike nani ataitwa. Siku hizo fupisheni zamu ziwe za saa nne, watu wawili wawili. Usimlazimishe kula, lowesha midomo yake tu. Kama amefariki wakati umelala au umetoka, hujamtelekeza. Wagonjwa wengi huondoka mwenye kuuguza akiwa ametoka kidogo.

Hatua ya 8: Baada ya mazishi

Msiba una watu wengi, na mwenye kuuguza ndiye anayetarajiwa kujua mashuka yako wapi. Mtu mwingine apewe funguo na jiko. Mjane Mwislamu ana eda ya miezi 4 na siku 10, na kwa aliyeuguza mume muda mrefu, kukaa huko ndani kunaweza kuwa ndiyo mara yake ya kwanza kuhudumiwa. Familia isimgeuzie tena wageni wake.

Mwili huanguka watu wakishaondoka: homa, mgongo, usingizi wa mchana kutwa, kuamka saa ya dawa wakati hakuna wa kumpa. Wiki za kwanza usiamue kuhama, kuuza wala kugawa vitu. Mofini iliyobaki irudishwe kituo ilikotoka, ikahesabiwe na kusainiwa. Siku ukiipeleka, nenda na kadi yako ya kliniki, upimwe presha na sukari hapohapo, na uwaulize kama wana mtu wa kuwatembelea wafiwa. Ukiona miezi imepita na bado huwezi kula, kulala wala kurudi kazini, rudi tena kwa muuguzi yuleyule. Anakufahamu, na faili la familia yenu bado analo.